Bahari ikichafuka Diani, karai la mama hupoa

Likizo ikikaribia na watoto wakianza kukusumbua wakitaka kujua mtakwenda wapi, huenda jina la kwanza kukujia akilini ni Diani. Si ajabu. Kwa miaka mingi ufuo huu wa Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, umetangazwa katika kila pembe ya dunia, na hata sisi wananchi tumejifunza kuutamani kama wageni.

Kutoka kisiwani Mombasa, njia ya mazoea ni kivuko cha Likoni, ambako abiria wa miguu halipi hata senti. Ukishavuka utapanda matatu ya Ukunda, nayo itakupitisha Ng'ombeni, Waa na Tiwi, minazi ikikusindikiza pande zote mbili na vilima vya Shimba vikikuchungulia upande wa kulia. Mwenye gari lake asiyetaka foleni ya feri siku hizi huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Baada ya kilomita 30 hivi kutoka Likoni utafika Ukunda, mji wenye vumbi, kelele na biashara za kila namna. Hapo ndipo unapokata kushoto kuelekea baharini.

Mambo ya kutazama hayapungui. Kuna msikiti wa kale wa Kongo, karibu na mlango wa mto Mwachema, uliojengwa karne nyingi zilizopita na ambao hadi leo watu husali ndani yake. Kuna mbega, kima weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba walizofungiwa juu ya magari. Kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ambao mgeni huingia akiwa amejifunga nguo nyeusi kiunoni. Msitu huo ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008.

Yote hayo utayasoma katika vijikaratasi vya hoteli. Leo basi tungependa kukuonyesha jambo ambalo halimo katika vijikaratasi hivyo, ingawa liko hatua chache tu kutoka pale utakapotandika taulo lako. Nalo ni karai la mama karanga.

Mama karanga ni nani?

Usidhani ni mwuzaji wa njugu. Jina hili la pwani ya kusini limetokana na kukaanga. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi wanaporudi, akawaparua magamba, akawatumbua, akawatia chumvi, kisha akawakaanga na kuwauza kijijini au kando ya barabara. Utamkuta Mwaepe, utamkuta Gazi, utamkuta Msambweni na kwingineko kote ambako mitumbwi na ngalawa hutia nanga.

Kwa nini akaange badala ya kuuza samaki wabichi? Jibu ni kwamba hana barafu. Katika joto la Pwani samaki aliyetoka majini alfajiri huwa ameanza kuharibika kabla ya adhuhuri. Mwenye friza anaweza kumlaza samaki wake akisubiri bei nzuri. Asiye na friza ana njia mbili tu, kuuza papo hapo au kukaanga. Samaki aliyekaangwa vizuri atakaa hadi kesho, hivyo moto na mafuta ndivyo friza ya maskini.

Kazi yenyewe haina siri. Pana mafiga matatu, karai jeusi, mafuta, kuni au makumbi ya nazi, na meza ya mbao iliyofunikwa kwa wavu kuwazuia nzi. Ikifika jioni, watoto hutumwa na sarafu mkononi, vibarua wa mijengo hupita wakitoka kazini, na wafanyakazi wa hoteli wanaokaa vyumba vya kupanga Ukunda hununua kitoweo cha kulia sima. Kuna kipande cha shilingi 50 na kipande cha shilingi 100. Familia isiyoweza kununua kilo moja ya samaki huweza kununua vipande vitatu.

Kwa hivyo, msomaji, mwanamke huyu hajilishi peke yake. Analisha wale wanaotandika vitanda vya watalii, wanaolinda mageti na wanaobeba mawe ya kujengea nyumba za kifahari. Karai lake likipoa, kuna nyumba nyingi Ukunda ambazo zitalala kwa sima na mchicha.

Tajiri na mama

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ukisimama kwenye banda la samaki asubuhi wavuvi wanaporudi, utaona jinsi biashara hii ilivyoundwa, na nani amewekwa mwisho wa mstari.

Samaki wakubwa kama nguru, kolekole na changu wanono huchukuliwa na mtu anayeitwa tajiri. Huyu ni mwanamume mwenye mizani, friza na pikipiki. Yeye huuza hotelini, mikahawani na Mombasa. Mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu, mshipi au hata chombo chenyewe, kwa makubaliano kwamba mvuvi atamletea yeye samaki. Mkataba huo haukuandikwa popote lakini kila mtu anaujua.

Mama karanga hupata kilichobaki, yaani tafi wadogo, pono wadogo, na mafungu ya mchanganyiko ambayo hoteli haiyataki. Yeye hana nyavu za kumkopesha mvuvi, na kwa hivyo hana mtu anayelazimika kumwuzia. Alicho nacho ni ujirani na maneno mazuri. Siku samaki ni wengi, hayo yanatosha. Siku samaki ni wachache, tajiri huchukua hata wale wadogo, na mama hurudi nyumbani na ndoo tupu.

Mtu aweza kuuliza, mbona mama naye asinunue friza akawa tajiri? Wako waliofanya hivyo, wanahesabika. Wengi wamezuiliwa na mambo mawili. La kwanza ni kazi za nyumbani. Tajiri anaweza kusubiri mashua hadi usiku wa manane au kwenda Mombasa na kurudi kesho. Mama ana watoto wa kupeleka shule, maji ya kuteka na mgonjwa wa kuuguza.

La pili ni dhamana. Zamani Wadigo walirithishana mali kwa upande wa mama, na mpwa alirithi kwa mjomba. Leo ardhi, palipo na hati, mara nyingi hati hiyo ina jina la mwanamume. Benki haikopeshi mtu kwa sababu ni mkaangaji hodari.

Kusi, kaskazi na hesabu ya chungu

Enyi wanafunzi wa jiografia, hapa ndipo somo lenu linapogeuka kuwa chakula. Mwambao wetu una misimu miwili mikuu ya upepo. Kuanzia Novemba hivi hadi Machi huvuma kaskazi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na wavuvi wadogo huweza kwenda mbali. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi. Bahari huchafuka, mawimbi hupanda, na mwenye mtumbwi hubaki ndani ya mwamba au hukaa nyumbani akishona nyavu.

Sasa tazama vizuri kalenda. Kusi huanza pamoja na mvua za masika. Wakati huo huo watalii hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga milango au huwapa wafanyakazi likizo bila malipo. Maana yake ni kwamba samaki huadimika, kuni hulowa, na wateja hukosa pesa, yote hayo katika miezi ile ile.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme mama amenunua fungu la samaki kwa shilingi 1,000, mafuta ya shilingi 300 na kuni za shilingi 100. Akiuza vipande vyote apate shilingi 1,800, atabaki na shilingi 400 za unga, sabuni na nauli ya mtoto. Kusi inapovuma, fungu lile lile hupanda hadi shilingi 1,400. Mteja naye hana zaidi ya shilingi 50 zake zile zile. Mama akipandisha bei, hauzi. Asipopandisha, amefanya kazi kutwa nzima kwa ajili ya moshi tu.

Ndiyo maana ukifika mezani kwake mwezi wa Juni, mazungumzo yenu huenda yakawa hivi.

"Mama, samaki huyu ni pesa ngapi?"

"Hamsini, mwanangu."

"Mbona amekuwa mdogo hivi?"

"Kusi, mwanangu. Bahari imekasirika."

Hakudanganyi, na wala si mlafi. Amekata kipande kidogo ili bei ibaki pale pale.

Haya yote akina mama wa Diani waliyajua tangu zama za bibi zao, nao walijipanga. Walikuwa na shamba la muhogo na mahindi upande wa bara, walikuwa na minazi, walisuka makuti ya kuezekea, waliuza mahamri na mbaazi asubuhi. Bahari ikifunga mlango, shamba lilifungua. Kusi likiwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, mtu huweza kuweka akiba ya kulivukia.

Tatizo la sasa ni kwamba kalenda yenyewe haiaminiki tena.

Milango miwili kufungwa kwa pamoja

Mabadiliko ya tabianchi ni neno kubwa, na mara nyingi tukilisikia tunafikiria barafu inayoyeyuka katika nchi za mbali. Lakini tazama yaliyoipata Kwale katika miaka michache tu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya nchi yetu. Kinango na sehemu za Lungalunga zilikauka. Mifugo ilikufa, mahindi hayakubeba, na mama aliyetegemea shamba la bara kumvusha msimu wa kusi hakukuta kitu.

Mwisho wa mwaka 2023 ikaja mvua ya El Nino. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mito ilifurika sehemu nyingi za Pwani na barabara zikaharibika. Kabla watu hawajakausha magodoro yao, mapema Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Kitovu chake kilielekea Tanzania, katika eneo la Mafia, lakini hata huku Kenya serikali iliwaonya wavuvi na wageni wajiepushe na bahari kwa sababu ya upepo na mawimbi makubwa.

Onyo lile lilikuwa la haki, kwani uhai hauna badala. Lakini hebu fikiria, siku ambayo bahari imefungwa kwa amri, mwenye friza huuza samaki aliowaweka wiki iliyopita, tena kwa bei ya juu. Mwenye karai hana cha kuuza. Tangazo moja la hali ya hewa huweza kuwa faida kwa mmoja na njaa kwa mwingine, na tofauti kati yao ni sanduku la baridi.

Joto nalo lina hesabu yake. Februari na Machi, jua likiwa kali kupita kiasi, samaki huoza upesi zaidi. Mama husimama mbele ya moto katika saa ambazo hata mbwa wametafuta kivuli. Akichelewa saa moja tu kuwasha moto, fungu lote huenda likatupwa.

Chini ya ule mstari wa povu

Ukiwa ufuoni Diani, tazama mbali baharini. Utaona mstari mweupe wa povu ambapo mawimbi huvunjika. Hapo ndipo penye mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ndio unaovunja nguvu ya bahari kuu na kuuacha ufuo ukiwa shwari, watoto wako wakioga bila kusombwa. Mwamba huo ndio nyumba ya samaki. Na hata mchanga ule mweupe na laini unaousifu umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika. Pono, yule yule samaki wa kwenye karai, hutafuna mwamba kwa meno yake na kutoa mchanga.

Matumbawe ni viumbe hai. Ndani yao huishi mimea midogo mno inayowapa chakula na rangi. Maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi, matumbawe huitoa mimea hiyo na kubaki meupe kama mifupa. Joto likidumu kwa majuma mengi, hufa.

Jambo hilo lilitokea mwaka 1998, baada ya El Nino kubwa. Katika miamba mingi ya mwambao wa Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Msiba ule ndio uliosababisha kuundwa kwa shirika la utafiti la CORDIO mwaka 1999, ambalo lina makao yake Mombasa na limeendelea kufuatilia afya ya miamba hadi leo. Mwaka 2016 joto lilirudi. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kuchujuka kwa matumbawe kumeenea duniani kote kwa mara ya nne, mara ya kwanza ikiwa tukio lile la 1998.

Mwamba uliokufa haugeuki jangwa siku moja. Hubaki pale, huota mwani, kisha polepole hubomoka. Samaki wanaotegemea matumbawe hai hupungua. Mvuvi mwenye boti na mashine huenda mbali zaidi, kwenye kina kirefu, akatafute jodari na nguru. Lakini jodari na nguru si samaki wa mama karanga. Samaki wake ni wale wa karibu, wa nyasi za bahari na wa mwamba. Kwa hivyo, mwamba ukiumwa, karai ndilo hupoa kwanza.

Ni haki kusema kwamba joto silo mkosaji wa pekee. Nyavu za macho madogo, na hasa juya linalokokotwa ufuoni, zimezoa samaki wachanga na kuvunja matumbawe. Serikali ilipiga marufuku juya mwaka 2001. Lakini hata hapa kuna kitendawili. Samaki wadogo wa juya ndio waliokuwa rahisi, na waliowanunua kwa wingi ni akina mama. Kulinda bahari ni jambo jema. Hata hivyo, ukiondoa juya bila kumwuliza mama karanga atanunua wapi, umemtoza faini ambayo wengine hawakuilipa.

Watu wa Diani wana kumbukumbu ndefu ya kutoulizwa. Mwaka 1995 bahari ya Diani hadi Chale ilitangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi waliipinga, na hifadhi ile haikusimama. Funzo ni kwamba tangazo la serikali lisilo na wenyeji nyuma yake hubaki kuwa karatasi.

Majirani wamefanya nini?

Ukiendelea na barabara ya Lungalunga kuelekea kusini, kabla ya Msambweni utafika Gazi. Hapa pana jambo la kujifunza. Misitu ya mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa vibaya miaka ya nyuma. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya KMFRI, pamoja na wenyeji, walianza kuipanda upya. Mikoko ni malezi ya samaki na kamba, ni ukuta dhidi ya mawimbi, na hufyonza hewa chafu inayoipasha dunia joto.

Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusu hekta 117 za mikoko. Kampuni na watu walio mbali hulipia hewa chafu iliyohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha huingia katika maji, shule na mahitaji mengine ya vijiji vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Equator. Akina mama wa Gazi nao wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, ambapo mgeni hulipa kiingilio, hutembezwa na, akitaka, hupikiwa. Mpeleke mwanao pale. Atajifunza kwa saa moja mambo ambayo kitabu humchukua muhula.

Mbele zaidi, karibu na Shimoni, akina mama wa Kibuyuni wamegeukia kilimo cha mwani. Maji yakipwa huingia baharini wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na baada ya majuma kadhaa huvuna, hukausha na kuuza. Mwani hauhitaji chombo wala tajiri wa kukukopesha nyavu.

Lakini tusijidanganye kwamba mwani umepona na joto. Zanzibar, ambako kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 na ambako wakulima wengi ni wanawake, aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yaliyozidi kupata joto. Dawa ni kupanda kwenye kina kirefu. Mtaalamu Flower Msuya wa Zanzibar amehimiza matumizi ya nyavu za mfereji zinazowezesha hilo. Kikwazo ni kwamba wakulima wengi wa kike hawakufundishwa kuogelea, na hawana mashua. Hapo pia unaona yale yale ya Diani. Joto humfikia kila mtu, lakini njia ya kulikwepa humtaka mtu awe na chombo, na chombo kwa kawaida ni cha mwanamume.

Mama anahitaji nini?

Methali ya kwetu husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Akina mama wa Diani wamegaagaa vya kutosha. Hawahitaji semina ya kuwafundisha uvumilivu. Wanahitaji mambo machache, tena ya kawaida.

Kwanza ni baridi. Friza moja ya nishati ya jua, iliyo chini ya kikundi cha akina mama wenyewe na si chini ya tajiri, ingempa mama karanga uwezo wa kuweka samaki wa siku ya neema kwa ajili ya siku ya kusi. Misaada mingi inayokuja pwani huja kwa sura ya boti na mashine. Ni vizuri, lakini boti humfaa aliye ndani yake.

Pili ni kiti. Tangu mwaka 2007 fuo zetu husimamiwa na vikundi vinavyoitwa BMU, na wauzaji wa samaki, wake kwa waume, wanaruhusiwa kuwa wanachama. Katiba ya 2010 nayo inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za umma. Kuhesabiwa katika orodha si kazi. Kazi ni kusikilizwa siku inapoamuliwa ni lini bahari itafungwa, ni nyavu gani zikatazwe na nani atapewa nafasi ya kununua kwanza.

Tatu ni mkopo unaoijua bahari. Hazina ya Wanawake imekuwapo tangu 2007, na Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022, ikianza na mkopo wa shilingi 500 unaolipwa kwa siku 14. Ni msaada kwa anayeuza nyanya. Lakini kusi huvuma kwa miezi, haijui siku 14. Ndiyo maana wengi hurudi kwenye chama chao cha mtaani, ambamo mwenzako anajua kwamba Juni huna na Desemba utalipa.

Nne ni njia. Kadiri kuta za hoteli na nyumba za kifahari zinavyoongezeka, ndivyo vichochoro vya kwenda baharini vinavyobanwa na mabanda ya samaki yanavyosogezwa. Ufuo ukililiwa na mawimbi upande mmoja na kuzuiwa na ukuta upande wa pili, banda la mama litasimama wapi?

Na wewe mgeni je?

Huenda unajiuliza, mimi nitokaye Nairobi au Nakuru na likizo yangu ya siku nne yanihusu nini haya? Yanakuhusu, na wala hayahitaji utoe mchango.

Siku moja usile hotelini. Toka ufike Ukunda jioni, au uliza wanakokaangia samaki karibu na ufuo. Beba chombo chako cha kutilia, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na karatasi hunyonya mafuta ikachanika. Msalimie mama kabla ya kuuliza bei. Pwani salamu hutangulia pesa. Chagua samaki wako, omba na pilipili ya ndimu, na mle mkiwa mmekaa kwenye benchi pamoja na watu waliotoka kazini.

Ukienda Desemba utakuta samaki tele na meza zimejaa, nawe utadhani hivyo ndivyo mambo yalivyo mwaka mzima. Sasa unajua sivyo. Ukienda Juni utakuta vipande vidogo na meza nyingine zimefunikwa gunia. Usimbembeleze mama akupunguzie shilingi kumi. Hizo kumi ndizo alizobaki nazo.

Kisha waambie watoto watazame tena ule mstari wa povu. Waeleze kwamba mchanga waliochezea, samaki waliyemla na shilingi zilizo katika fundo la leso ya mama yule vyote vinatoka pale, na kwamba maji yakizidi kupata joto vitapungua vyote kwa pamoja. Hoteli itabadilisha orodha yake ya chakula. Tajiri atahamia samaki wa kina kirefu. Mama karanga hana pa kuhamia, na ndiyo sababu yeye ndiye wa kuulizwa kwanza hali ya bahari ikoje.